Chemba ya Thelathini

14 Novemba

Daftari hili ofisi ilinipa la vipimo, lakini vipimo nina daftari lingine. Hili nitagombana nalo. Afadhali nigombane na karatasi kuliko kugombana na Mhandisi Emilian kila siku, maana yeye ndiye bosi wangu na mkataba wangu uko mezani kwake.

Kazi yenyewe ni hii. Tunapeleka bomba la maji safi na bomba la majitaka hadi eneo la viwanda, kule juu vichakani, ambako hakuna kiwanda hata kimoja. Mabomba yatangulie, viwanda vitakuja. Kuna watu wa asali wanataka kujenga kiwanda cha kusindika. Wamesema maji yafike na majitaka yawe na pa kwenda kabla Machi haijaisha, la sivyo wanahamia Kahama. Mimi ndiye fundi wa kupima njia, pamoja na Masele anayenishikia futi.

Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Machi. Mhandisi amesema nikifanya vizuri jina langu litapelekwa kwa ajira ya kudumu. Kosa langu ni kumwambia baba. Sasa Kipalapala nzima inajua, hadi mapadre wa seminari wanamuuliza, "Vipi, binti ameajiriwa?"

20 Novemba

Leo tumeweka alama kuanzia chemba ya 22 hadi ya 37. Chemba ni yale mashimo ya kukagulia bomba, yenye mifuniko, kila baada ya mita hamsini. Tunazihesabu kutoka chini kwenye mabwawa ya majitaka kwenda juu, maana majitaka hayapandi mlima, hata ukiyabembeleza.

Vigingi peke yake havitoshi. Mbuzi wanaving'oa, na akina mama wakiviona wanaona kuni. Kwa hiyo karibu na kila kigingi napaka alama kwenye kitu kisichohama: jiwe, gogo, nguzo, ukuta. Mistari miwili inakatana, pembeni namba ya chemba. Rangi ya bluu imeniishia kwenye ya 26. Duka la karibu walikuwa na nyekundu tu. Nikampigia Mhandisi, akasema, "Rangi ni rangi, Apolinaria. Huoni mvua hiyo?"

Mtaa wa Mninga Mmoja, kwenye nyumba ya matofali mabichi yenye mlango wa kijani, mama mmoja mtu mzima alitukaribisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maji kwenye kikombe cha bati. Masele akaanza naye Kisukuma, wote wa Choma, basi ikawa ukoo mzima unaulizwa hali. Nikamfukuza Masele atangulie na futi. Mama akaniuliza kitu nikiwa napaka, nikamjibu, sikumbuki nini. Wingu lilikuwa jeusi kabisa. Ila michembe ilikuwa mitamu.

21 Novemba

Mvua. Rangi ilishakauka, namshukuru Mungu.

4 Desemba

Kijiko, mashine ya kuchimbia mtaro, kimeanza kazi kutoka mabwawani. Harufu usiseme. Jioni nikiwa dukani, muuza vocha ameniuliza kama ni mimi ninayenuka au ni soko. Nimemwambia ni maendeleo.

9 Desemba

Mita kumi na mbili tu. Mvua.

11 Desemba

Mvua. Mita sifuri.

12 Desemba

Mvua tena! Mtaro tuliochimba wiki nzima umejaa maji kama josho la ng'ombe. Mhandisi anatembea ukingoni akihesabu siku kwa vidole, akiishiwa anaanza upya. Mimi silali vizuri. Nikifumba macho naona namba za chemba zinapita moja moja.

20 Desemba

Tumefika chemba ya 11. Jua kidogo leo. Kutoka huko juu mtu amegonga bati tangu asubuhi hadi adhuhuri, ko, ko, ko. Masele anasema kuna anayeezeka nyumba kwa ajili ya Noeli. Nikasema mwenye akili ni huyo, sisi wengine mvua itatukuta na mikeka yetu nje.

25 Desemba

Kipalapala, kwa baba. Wali, kuku, na swali lile lile.

8 Januari

Ukingo wa mtaro umeporomoka mchana, chemba ya 19. Kulikuwa na vibarua wawili chini na Masele juu yao. Wametoka wakikimbia, kiatu kimoja kimebaki kimezikwa. Hakuna aliyeumia. Nimewagombeza wote, hata ambaye hakuwepo. Mhandisi amesema kesho tunaendelea pale pale.

17 Januari

Kijiko kimeibua shanga kwenye chemba ya 24. Za bluu na nyekundu, ndogo, na vigae vya vyungu. Njia yetu karibu yote inafuata njia ya zamani ya misafara, maana wapagazi nao walitafuta mteremko mzuri. Anayebeba pembe ya ndovu begani hapendi kilima. Vibarua walisimama wakizitazama. Mhandisi Emilian akaja mbio: "Fukieni! Watu wa mambo ya kale wakisikia, tutakaa hapa hadi Pasaka." Zikafukiwa. Masele moja kaiweka mfukoni, nimeona, nimenyamaza.

29 Januari

Naandika mchana. Nimetoroka kazini, nimekaa nyuma ya kanisa la Moravian na daftari kwenye magoti.

Jana kijiko kilimaliza chemba ya 29. Asubuhi nimetangulia na Masele kuhakikisha kigingi cha 30. Nilikuwa natafuta ile nyumba ya mlango wa kijani. Nikapita. Nikarudi. Nikamwambia Masele amekosea njia, akaniambia njia ni moja.

Halafu nikaiona alama yangu. Ukuta mmoja umesimama peke yake, umefunikwa turubai kwa juu, na katikati yake kuna X nyekundu na namba 30, mwandiko wangu ule ule wa kujidai. Kuta tatu nyingine zimerudi kuwa udongo. Palipokuwa sebule pana mahindi, yamefika magotini.

Nikabisha, "Hodi!"

"Nipo," sauti ikajibu kutoka kibanda cha jiko, huko nyuma. Yule mama akatoka akifuta mikono kwenye kanga. Anaitwa Ng'washi. Leo ndiyo nimelijua jina lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmechelewa. Nimewangoja tangu Desemba."

"Mama, nyumba imekuwaje?"

Akanishangaa. "Imekuwaje vipi? Si mlinipa siku thelathini?"

Mungu wangu. Mama Ng'washi akaendelea kunieleza, tena kwa shukrani, ndicho kinachoniua. Alisema wakati wa kupanua barabara, miaka ile, alipokuwa na nyumba nyingine na marehemu mumewe akiwa hai, hawakupewa hata siku moja. Tingatinga lilikuja wanakunywa uji. Bati zote zikakunjwakunjwa, mlango wa mninga ukapasuliwa vipande.

"Safari hii nikasema, huyu binti ana utu, kaniandikia siku. Kusoma herufi mimi sijui, lakini namba nazijua. Kila asubuhi nilitia punje moja ya hindi kwenye kibuyu. Zilipofika thelathini nikamwita fundi tukaezua. Bati thelathini na mbili, hakuna hata moja lililopinda. Misumari yote nimeinyosha. Matofali ndiyo yalinishinda, mvua iliyawahi. Ukuta huu nimeuachia namba yenu, nilijua mtakuja kuiulizia."

Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa hilo bomba linapita wapi? Sebuleni au chumbani?"

Nilikitazama kigingi. Kipo mita nne mbele ya ulipokuwa mlango, nje kabisa ya uzio wake wa minyaa. Bomba haligusi hata kizingiti. Thelathini ni namba ya chemba. Ni chemba ya thelathini, basi! Ingekuwa ya ishirini na tisa pengine mtu angejiuliza, lakini ishirini na tisa iko kwenye gogo la mwembe, na gogo halisomi notisi.

Nikamwambia Masele, "Mweleze kwa Kisukuma." Masele akaangalia chini. "Mweleze wewe, dada. Brashi ulishika wewe."

Sikuweza. Nikasema, "Tutakuja na mhandisi, mama," nikaondoka haraka. Mimi, Apolinaria, ninayejisifu simwogopi mtu.

Na sasa nimekumbuka aliniuliza nini siku ile. Aliuliza, "Ni hii tu?" Nikasema, "Ni hiyo tu, mama." Akasema, "Thelathini?" Nikasema, "Thelathini." Sikugeuka hata kumtazama. Nilikuwa natafuna michembe yake.

30 Januari

Mhandisi ameenda kujionea. Amerudi amekunja uso.

"Nani alimwambia abomoe? Ana barua? Ana notisi? Alama bila barua si chochote kisheria."

"Sheria hiyo anaijua nani, mhandisi? X nyekundu ukutani, nchi hii, hata mtoto wa chekechea anajua maana yake ni bomoa."

"Uliipaka wewe."

"Ulisema rangi ni rangi."

Tukatazamana. Halafu simu yake ikaita, akafurahi kuipokea.

31 Januari

Nimemfuata Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Adinani, nikiwa nimejaa hasira hadi kooni. Nilitaka kumwambia wewe ndiye ulifanya mkutano wa mradi, mbona huyu mama hakuelezwa? Akasema siku ya mkutano Mama Ng'washi alikuwa msibani Choma. Aliporudi alikuta X, akaenda kwake kumuuliza.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia serikali ikishaandika, imeandika."

"Kwa nini hukuja ofisini kutuuliza?"

Mzee alizungusha kofia yake mkononi. "Nije kuuliza nini, binti? Mwenyekiti mzima niseme sijui kinachoendelea kwenye mtaa wangu?"

Nilikuja kumgombeza nikaishia kukaa naye barazani. Kila mmoja wetu alikuwa na neno moja tu la kusema, na hakulisema.

3 Februari

Mvua. Tumeivuka chemba ya 31. Ukipita pale unasikia turubai linapigapiga ukutani.

5 Februari

Mhandisi ameniletea taarifa ya upimaji niitie sahihi. Ukurasa wa tatu: "Alama zote zilipakwa kwa rangi ya bluu kufuatana na utaratibu. Mkazi mmoja alibomoa nyumba yake kwa hiari." Nikauliza bluu ya wapi. Akafunga mlango.

"Nisikilize. Watu wa asali wanakuja kukagua tarehe 22. Wakisikia mgogoro wa ardhi, hata wa banda la kuku, wanageuza gari. Watu wangapi wanangoja ajira ya kile kiwanda? Wewe mwenyewe unangoja ajira. Weka sahihi. Halafu nenda kaifute ile alama kwenye ukuta."

Si mtu mbaya, Emilian. Hilo ndilo linanichanganya. Vibarua wakiugua anawapeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Lakini amechoka na anaogopa, na mtu akiogopa anataka kila kitu kifukiwe.

Sijaweka sahihi. Sijakataa pia. Nimesema nitaisoma.

6 Februari

Nimeenda na ndoo, brashi na petroli ya kufutia rangi. Njia nzima nilijiambia nitafuta tu kisha nitafikiri baadaye.

Mama Ng'washi alikuwa anapalilia sebule yake. Nikaweka ndoo chini. Sijui nini kilinifungua mdomo. Nikamwambia yote: kwamba thelathini si siku, ni namba ya shimo, kwamba bomba linapita pale penye kigingi, kwamba rangi ilinunuliwa nyekundu kwa sababu bluu iliisha, kwamba aliponiuliza sikuwa namsikiliza.

Alikwenda ukutani, akaanza kutembea kuelekea kwenye kigingi akihesabu hatua. Tano. Akarudi akihesabu tena, kama vile pengine mara ya pili zingepungua.

"Kwa hiyo hakuna aliyeitaka nyumba yangu."

"Hakuna, mama."

"Hata mmoja."

"Hata mmoja."

Hapo ndipo alipolipuka. "Nilikuuliza! Nilikuuliza kwa mdomo wangu huu, na michembe yangu iko mkononi mwako! Ungenitazama tu, ungegeuka tu ukanitazama, ungeona ninauliza nini!" Akaipiga teke ndoo ikabingirika hadi kwenye mahindi. Nilianza kulia, akaniambia nisimlilie, nikalie kwetu.

Nikaokota brashi. Akadhani nataka kufuta, akasimama mbele ya ukuta na mikono ameitandaza.

"Usiiguse. Ukiifuta hiyo, mimi ni kichaa niliyebomoa nyumba yangu. Watoto watanizomea njiani. Iache ionekane."

Nimeiacha.

7 Februari

Nimepita nikabisha hodi. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, kwa hiyo alikuwepo. Hakuitika.

10 Februari

Hodi. Kimya. Masele yeye akibisha anajibiwa. Ananiletea habari bila kuulizwa: leo mama kapika mlenda, leo mama kikohozi. Nikamwambia akome. Halafu nikamuuliza kikohozi kikoje.

13 Februari

Mvua usiku na mchana. Adhuhuri upepo umelirusha turubai, nikaliona likiruka kutoka mtaroni nilipokuwa. Nimekimbia mita mia mbili kwenye matope. Nikapanda juu ya ndoo, Masele kanishika miguu, tukalifunga kwa waya. Matofali ya juu yanaacha unga ukiyagusa. X bado ipo, mguu mmoja umeanza kutiririka. Mama Ng'washi alitutazama kutoka mlango wa jiko.

Nimejikuta nauombea ukuta.

16 Februari

Mhandisi ameuliza tena kuhusu sahihi. Nimesema bado nasoma. Akasema, "Kurasa nne?"

19 Februari

Ukuta umeanguka. Leo saa tatu asubuhi, mvua ikiwa imeshakatika na jua linawaka, hakuna upepo wala nini. Masele anasema ulikaa chini taratibu tu, kama mtu aliyechoka kusimama. Nilipofika ulikuwa rundo la tope, na rangi nyekundu imechanganyika humo, huwezi kujua ilikuwa X au ilikuwa ua.

Mama Ng'washi alikuwa amechuchumaa akigeuza mabonge moja moja. Akanionyesha moja. "Hapa si ndipo palikuwa na sifuri?" Ni mara ya kwanza kunisemesha tangu ile siku. Nilitazama, sikuona sifuri. Nikasema ndiyo, mama, ndipo.

Mhandisi aliposikia alishusha pumzi. "Mungu kamaliza mwenyewe. Sasa weka sahihi, Apolinaria, tufanye kazi."

Na kweli, sasa hakuna ushahidi. Hakuna picha, hakuna ukuta. Mzee Adinani hatasema, Masele ni kibarua tu, atamwogopa bosi. Naweza kuweka sahihi leo na hakuna atakayeniuliza maisha yangu yote. Ajira, pensheni, baba anajidai kanisani. Nimekaa na kalamu hadi mkono ukafa ganzi. Ninachokiona ni yule mama akitia punje ya hindi kwenye kibuyu. Kila asubuhi. Thelathini.

22 Februari

Watu wa asali wamekuja, watatu, na kiongozi wao ni mama mmoja anaitwa Bi Gaudensia, mtu wa maneno machache na buti za mpira. Mhandisi alianza kuwatembeza kutoka mabwawani kwenda juu, akieleza kipenyo cha bomba na mteremko. Wananchi nao wakafuata, si unajua watu wakiona magari. Tukafika chemba ya 30.

Bi Gaudensia akaangalia mahindi, rundo la udongo, na bati thelathini na mbili zimepangwa vizuri chini ya nailoni. "Hapa kulikuwa na nyumba?"

Mhandisi akasema, "Ndiyo, mkazi alibomoa kwa hiari."

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Bibi huyo kichwani si mzima." Mama Ng'washi alikuwa amesimama hapo hapo. Aliinamisha kichwa. Na mimi nikaona kwamba kichaa tayari wameshamfanya.

Nilitoa taarifa kwenye mfuko. Ukurasa wa tatu nilikuwa nimeufuta kwa kalamu na kuandika upya, nikausoma pale mbele ya wote: "Alama ya chemba ya thelathini niliipaka mimi, Apolinaria, kwa rangi nyekundu, kwenye ukuta wa nyumba ya Mama Ng'washi, na nikaandika thelathini. Aliniuliza kama ni thelathini nikasema ndiyo. Hakukosea kusoma. Nilikosea mimi kuandika. Bomba halikuihitaji nyumba yake." Nikatia sahihi juu ya boneti ya gari.

Mhandisi akanipa mgongo. Halafu Mzee Adinani akavua kofia, akakohoa, akasema, "Na mimi aliniuliza. Nikajifanya najua." Na Masele, ambaye nilisema ataogopa, akasema, "Rangi niliinunua mimi dukani. Nyekundu."

Bi Gaudensia akamgeukia Emilian. "Nyumba hii mtaijenga lini?" Hakuuliza kama. Emilian akasema tutaanza ndani ya wiki mbili. Akajibiwa, "Nitakuja kuiona," na msafara ukaendelea kwenda chemba ya 31, tena hakuna gari lililogeuka.

Mama Ng'washi hakunisemesha. Nilipokuwa naondoka alinipa kitu kwenye kipande cha gazeti. Michembe.

23 Februari

Mhandisi hanisalimii. Kazini anampa Masele maneno aniletee, nami nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

3 Machi

Matofali ya kuchoma yamekuja na saruji, kwa barua ya ofisi. Mafundi wetu wanajenga Jumapili baada ya misa. Emilian mwenyewe kaja, kavaa kaptula, kapima msingi kwa mikono yake. Tulikutana kwenye ndoo ya maji. Akasema, "Ungeniambia kwanza kabla ya kusoma mbele za watu." Nikasema, "Nilikuambia, mhandisi. Ulipokea simu." Akafikiri. Akasema, "Ni kweli," akarudi kwenye msingi.

14 Machi

Chemba ya 58. Nyumba ya Mama Ng'washi imefika lenta, juu ya madirisha. Miguu yangu haitaki kukaa, natoka kwenye mtaro naenda kwenye nyumba narudi kwenye mtaro.

27 Machi

Chemba ya 64! Ya mwisho! Tumemwaga maji ya majaribio juu, yakatokea mabwawani, vibarua wakapiga vigelegele kwa majitaka ambayo hayajawa taka bado. Watu wa asali wameweka bango kwenye kiwanja chao na mlinzi mmoja. Kujenga wataanza mvua zikiisha. Pengine ni kweli, pengine bado wanaitazama Kahama kwa jicho la pembeni. Bomba limefika. Mengine si kazi yangu.

31 Machi

Mkataba umeisha. Jina langu halikupelekwa. Emilian ameniambia mwenyewe, uso kwa uso, na ameniandikia barua ya sifa, ndefu kuliko taarifa ya upimaji. Nimerudisha futi, buti na darubini ya kupimia. Baba sijamwambia.

2 Aprili

Nimemwambia baba. Akauliza, "Na yule mama anaezekwa lini?" Sikujua kama habari zake zimefika Kipalapala. Jumamosi, nikasema. Akasema atakuja na nyundo.

6 Aprili

Bati thelathini na mbili zimerudi juu, na misumari ile ile iliyonyoshwa. Baba kapiga nyundo hadi fulana ya ndani imelowa jasho. Bomba la maji safi limemfikia Mama Ng'washi, koki iko mita mbili kutoka mlangoni. Kiwanda hakijaonja bado, yeye ameshafua mara mbili.

Alipotuona tumemaliza kula akaniita pembeni. "Ile rangi yako ipo?"

Ipo. Nusu kopo, chini ya kitanda changu, sikujua niitupe wapi. Nikaenda kuileta. Akanipeleka kwenye ukuta wa mbele, uliopigwa plasta juzi, mweupe, hauna hata doa.

"Andika."

"Mama, nyekundu tena? Watu watafikiri…"

"Ndiyo nataka wafikiri. Andika kubwa, aliye kwenye tingatinga aione."

"Niandike nyumba hii haiuzwi?"

"Nani kasema anainunua? Andika: nipo."

Nikaandika herufi nne, kila moja urefu wa mkono wangu, yeye amesimama bega kwa bega nami, na safari hii kila baada ya herufi nilikuwa nageuka kumtazama. NIPO. Akaipitia kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, rangi ikamshika. Akarudi nyuma hatua tano, akaitazama tena, kisha akatafuta kitu pembeni yake, kulia na kushoto.

"Namba yake iko wapi?"

"Haina namba, mama."

"Hakikisha."

Nikahakikisha. "Haina."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunawa mikono kwenye koki.